Pua ya Krimu Nambari Nne

Kuna kazi ambazo ukimtajia mtu anacheka kwanza, halafu ndipo anakuuliza kama unasema kweli. Mwanamke huyu alikuwa na kazi ya namna hiyo. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mrefu, mwenye nywele alizozikata fupi ili zisibebe harufu, na kampuni kubwa ya vipodozi ilimlipa mshahara ili anuse.

Kila asubuhi alifika kiwandani hajatia kitu mdomoni ila maji. Hakuwa amejipaka mafuta wala kufulia nguo zake sabuni ya marashi. Alijifungia katika chumba cheupe chenye dirisha moja, meza moja na viti viwili, akanyoosha mikono. Nyuma ya mkono wa kushoto alipaka krimu kutoka kwenye kopo mama, yaani lile kopo la mfano ambalo mapipa yote hulinganishwa nalo. Nyuma ya mkono wa kulia alipaka krimu ya pipa lililochanganywa jana yake. Akahesabu pumzi arobaini ili ngozi izipashe moto zote mbili, kisha akanusa kushoto, akanusa kulia, akarudi kushoto. Zikifanana, pipa linapita. Zikitofautiana, pipa linarudi kwa wachanganyaji, nao wanamtukana kimoyomoyo mpaka saa ya kutoka.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa kwenye kitambulisho chake, na huko ndiko lilikobaki. Kiwanda kizima kilimwita Pua. Mama yake naye aliitwa hivyo hivyo kabla yake, kwa maana kazi hiyo alikuwa ameirithi pamoja na kiti. Siku hizi mama alikuwa amestaafu, nao waliishi wawili tu katika nyumba moja, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kiwandani.

Kampuni yenyewe ilikuwa na hadithi, na hakuna aliyeajiriwa bila kulishwa hadithi hiyo siku ya kwanza pamoja na chai. Zamani palikuwa na Bibi mmoja, mjane wa mfamasia, aliyeachiwa mitungi na vitabu vya dawa. Akaanza kupika krimu jikoni kwake. Ya kwanza iliganda kama mshumaa. Ya pili ikavunda siku ya tatu. Ya tatu alimpaka dada yake, na dada akakaa na mashavu ya kijani hadi Jumapili, wakawa hawasemezani. Ya nne ikakubali. Bibi akawatuma wanawake wa mtaani wabishe hodi nyumba hadi nyumba na visanduku vidogo, halafu likaja duka, halafu kiwanda, halafu meli, na sasa Krimu Nambari Nne iliuzwa katika nchi tisini na kutengenezwa katika viwanda sita. Wajukuu wa Bibi waliuza hisa zao kwa watu waliouza kwa wengine, hata leo ukiuliza mwenye kampuni ni nani, utaonyeshwa jengo refu. Lakini kila kopo bado lina maneno yale yale kwenye kifuniko: Haijabadilika tangu kopo la kwanza.

Enzi za Bibi, kopo mama lilitoka jikoni kwake na kupelekwa kila kiwanda. Waliokuja baadaye wakaona huo ni usumbufu. Wakaweka kanuni kwamba kila mwaka Pua wa kiwanda achague pipa bora kuliko yote, na mtoto huyo bora ndiye awe mama wa mwaka unaofuata. Kipande kidogo kilitumwa makao makuu, ambako mashine zilipima uzito, maji na mafuta, zikagonga muhuri. Mashine hizo zilikuwa na kila kitu isipokuwa pua.

Katika korido ya kiwanda chetu zilitundikwa picha mbili. Moja ya Bibi. Ya pili ilikuwa ya mama yake Pua, na chini yake pameandikwa: Miaka thelathini na mmoja bila kosa. Hakuna fundi, karani wala meneja mwingine aliyewahi kutundikwa pale. Pua alipita mbele ya picha ile mara nne kwa siku, na ingawa asingekubali hata ungemtekenya, kila mara alipunguza mwendo kidogo.

Jumatatu moja akaja mkaguzi kutoka makao makuu. Alikuwa kijana mwembamba wa viatu vya raba, mpole, anayeuliza "kwa nini" kama mtoto wa miaka minne. Aliweka juu ya meza ya Pua makopo sita yasiyo na karatasi, yamepewa namba tu kwa kalamu.

"Nusa, dada, halafu niambie chochote kinachokujia."

Pua akanusa. Matano yalikuwa ndugu wa tumbo moja. Waridi lilisimama mbele, limejinyoosha, na nyuma yake kafuri ya duka la dawa. Ilikuwa harufu ya sebule ambayo watoto hawaruhusiwi kukaa kwenye makochi yake. Lakini kopo la tatu lilikuwa tofauti. Waridi lilikuwa limerudi nyuma kabisa, karibu na mlango. Palikuwa na ganda la chungwa, palikuwa na kitu kama maziwa ya uvuguvugu, na juu ya yote palikuwa na ngozi ya mtu.

"Hili ni letu," akasema.

"Umejuaje?"

"Nitaachaje kulijua? Nalinusa tangu nikiwa mdogo."

"Na haya matano?"

"Sijui. Ni ya kampuni gani?"

Mkaguzi akaandika kitu, akaweka kalamu chini. "Hayo matano ndiyo Nambari Nne."

Pua alihisi kiti kimesogea, na hakikuwa kimesogea. Akayanusa tena yote sita kwa mpangilio mwingine, macho ameyafumba, na pua yake ikampa jibu lile lile. Katika viwanda sita, kiwanda chake peke yake kilitengeneza krimu isiyofanana na wenzake. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akilinda mlango wa nyumba nyingine.

"Sikuja kwa sababu ya malalamiko," mkaguzi akasema. "Ndiyo ajabu yenyewe. Wafanyabiashara wanavuka mipaka kuja kununua makopo ya hapa, na kule kwao wana kiwanda chao. Nimewauliza wateja wao kwa nini. Wanasema, 'Hii hainifuniki.' Nikiwauliza maana yake nini, wananiangalia kama nina kasoro."

"Chema chajiuza," Pua akajibu.

"Sawa, lakini kimetoka wapi? Krimu haibadiliki yenyewe. Kuna mtu aliibadilisha, lini, na alikuwa anatafuta nini? Nisipopata maelezo mpaka Ijumaa, nitalazimika kuandika kwamba ni kasoro. Kasoro hurekebishwa. Mtaletewa kopo mama jipya kutoka kwetu, chumba hiki kitafungwa, na ile picha ya kwenye korido..." Akaona haya kumalizia.

Pua alimwelewa vizuri sana. Yeye mwenyewe, tangu akabidhiwe kiti miaka kumi na sita iliyopita, hakuwa ameruhusu hata tone litoke njiani. Hilo alikuwa tayari kuliapia. Kwa hiyo mabadiliko yalitokea kabla yake, na kabla yake alikuwa mama.

Meneja, mtu mwema asiyependa Ijumaa zenye mambo, alimvuta pembeni. "Sema ni mizani. Mizani ya zamani ya wachanganyaji ilikuwa imechoka, ikawa inapunja waridi. Mizani haina ndugu wa kuja kulalamika hapa."

"Na wachanganyaji?"

"Wale wengi wao wamestaafu." Alisema hivyo huku akiangalia dirishani.

Pua akarudi chumbani mwake. Aliogopa, hilo lazima lisemwe. Lakini pembeni ya hofu palikuwa na kitu kingine kikimwasha, na kitu hicho kilikuwa udadisi mtupu. Mtu aliyekula mkate wa pua yake maisha yote hawezi kuambiwa kuna harufu isiyojulikana ilikotoka, akaenda zake kulala. Jumanne na Jumatano, baada ya kunusa mapipa yake, alishuka stoo ya chini, akawasha taa, akayafungua madaftari ya mama yake, thelathini na moja kwa hesabu, moja kwa kila mwaka.

Madaftari kumi na moja ya kwanza yalikuwa raha kuyasoma. Mama aliandika kama mtu anayesengenya. "Pipa la leo waridi lina kiburi, lirudi." "Kafuri imelala, wachanganyaji walikuwa na sherehe jana." Kila jaribio lilifanyika saa moja na nusu asubuhi, kabla ya kula, kama kanuni inavyotaka. Kisha, katika daftari la kumi na mbili, mama aliugua homa siku kumi na moja. Aliporudi kazini mwandiko ulikuwa ule ule lakini mwandishi kama amehama. "Zinafanana." "Zinafanana, kulia nzuri." "Hazifanani." "Kulia nzuri sana." Basi. Hakuna tena waridi lenye kiburi wala mchanganyaji mlevi.

Pua akadhani ni uchovu wa ugonjwa. Akafungua la kumi na tatu, la kumi na nne. Hali ile ile. Ndipo akaona saa.

Tangu homa, mapipa hayakunuswa tena asubuhi. Yalinuswa saa tisa alasiri. Jumamosi tu ndiyo yalinuswa asubuhi. Halafu kulikuwa na mwezi mzima wa asubuhi peke yake, kisha alasiri zikarudi. Akapiga mahesabu kwa vidole. Ule mwezi ulikuwa likizo ya shule. Akafunua haraka haraka mpaka mwaka aliotaka, mwaka aliopata tetekuwanga, akakuta majuma mawili bila pipa hata moja. Mama alikuwa ameandika: Mashine mbovu.

Pua akakaa juu ya kasha la makopo matupu. Alikuwa na miaka sita wakati wa ile homa. Shule ilikuwa nyuma ya kiwanda, na kila siku akitoka darasani alikwenda kumngoja mama katika chumba cheupe. Huko walikuwa na mchezo wao. Mama ananyoosha mikono miwili, mtoto ananusa, anasema. Je, zinafanana? Ipi nzuri? Akimaliza anapewa pipi. Alipofika miaka kumi na miwili mchezo uligeuka masomo, mama akawa anasema, "Mimi nimeshanusa. Nataka nione kama umejifunza." Naye akajifunza kufananisha, akawa hodari, akaajiriwa, akapewa kiti. Siku zote aliamini kwamba mama anayajua majibu.

Hapa sina budi kumcheka kidogo, ingawa nampenda. Mwanamke anayeweza kukuambia umepanda gari na mvuta sigara juzi, ameishi nyumba moja na mtu asiyesikia harufu miaka thelathini na mitano, asitambue. Maziwa yaliungua jikoni mama amekaa hatua tatu tu kutoka kwenye jiko, Pua akasema ni mawazo ya uzee. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema kwamba hata kisichokula hukaa humo humo usikione.

Alhamisi alasiri alirudi nyumbani mapema. Mama alikuwa amekaa karibu na dirisha akichambua mchele kwenye sinia. Pua alikuwa amepaka mikono yote miwili, kushoto krimu ya kopo moja la mkaguzi, kulia ya kwao. Akainyoosha mbele ya mama yake.

"Mama, hebu nusa. Niambie kama zinafanana."

Mama aliitazama mikono ile, akamtazama mwenye mikono, akarudi kwenye mchele. "Umefungua madaftari."

"Nimeyafungua."

"Nilijua ipo siku. Nikasema labda nitakuwa nimeshazikwa." Akatoa kijiwe, akakitupa nje. "Kaa basi, usinisimamie kama polisi."

Pua akakaa.

"Nilipoamka kutoka homa ile, chai ilikuwa maji ya moto. Sabuni ilikuwa jiwe. Nikasema itarudi. Mwezi ukapita, miwili, wapi. Mtu anaitwa Pua na pua hana, mwanangu. Utamweleza nani? Meneja wa wakati ule alikuwa anamfukuza mtu kwa kupiga miayo. Na wewe ulikuwa mdogo, lakini ulikuwa unaweza kumjua mgeni amekaa kiti kipi kwa kunusa mto. Nikasema nitatumia pua ya mwanangu mpaka yangu irudi. Haikurudi."

"Na pipa bora la mwaka? Ulikuwa unalichaguaje?"

"Lile uliloliita nzuri mara nyingi zaidi. Nilikuwa nayaandika yote. Sikudanganya hata siku moja, hilo nakwambia." Mama alilisema hilo kwa nguvu. "Ukisema zinafanana, linapita. Ukisema nzuri, naweka alama. Mwisho wa mwaka lenye alama nyingi ndilo linakuwa mama. Si lilikuwa linafanana kuliko yote?"

Pua akamwangalia. Polepole sana akaelewa kwamba mama yake hakujua. "Mama, mimi nilikuwa na miaka sita. Nilikuwa nasema nzuri kwa ile niliyoipenda."

"Uliyoipenda vipi?"

"Niliyoipenda. Tu."

Mikono ya mama ikasimama juu ya sinia. Yeye alikuwa amefundishwa na Pua aliyemtangulia, na katika chumba kile krimu nzuri ni ile inayofanana na kopo mama, hakuna uzuri mwingine. Haikuwa imempitia akilini hata mara moja kwamba mtoto ana uzuri wake. Kila mwaka wachanganyaji walifuata kopo mama jipya, na kila mwaka kopo mama jipya lilisogea nusu hatua kuelekea anakotaka binti wa darasa la kwanza, la pili, la tatu.

"Kwani imebadilika?" akauliza.

"Imebadilika, Mama."

"Sana?"

"Yetu na ya wenzetu hazijuani hata kwa salamu."

Mama akarudisha macho kwenye mchele. Pua akaona bora amalize yote. "Meneja anataka niseme ni mizani."

"Mizani ya nani?"

"Ya wachanganyaji."

"Wale walioniletea uji siku kumi na moja?" Mama akaweka sinia chini. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi yangu nimeyaficha miaka kumi na tisa kazini na kumi na sita hapa nyumbani. Yakija kuumbua, yaniumbue mwenyewe. Kesho tunakwenda wote."

"Mama, watashusha picha."

"Najua kusoma, mwanangu. Pameandikwa bila kosa."

Ijumaa asubuhi mama alivaa gauni lake la siku kubwa, wakaenda. Mkaguzi alisimama kumpokea, akamwamkia shikamoo kwa heshima zote, akamvutia kiti. Mama akasimulia kama alivyosimulia nyumbani, bila kupamba wala kuomba huruma. Katikati ya habari, mkaguzi aliacha kuandika, akabaki ameshika kalamu tu. Mama alipomaliza, kijana alimgeukia binti.

"Ulikuwa unachagua nini, dada?"

"Nilikuwa na miaka sita."

"Ndiyo, lakini miaka yote sita ya mchezo ule ulichagua upande mmoja. Mtoto anapenda peremende leo, ndizi kesho. Wewe hukuyumba. Kulikuwa na kitu unakifuata."

"Sijui."

"Ilikuwa utamu? Ilikuwa ile harufu ya chungwa?"

"Sijui, kaka yangu. Ningejua ningekwambia."

Akamuuliza kwa njia nne na njia zote nne zikagonga ukuta. Kisha akatoka kupiga simu. Alikaa huko saa nzima, na mama akatumia saa hiyo kumweleza Meneja jinsi kiti kile kilivyokuwa kinalia tangu enzi zake na hakuna aliyekitia mafuta.

Mkaguzi aliporudi alikuwa na habari mbili, akaanza na ya kwanza. Makao makuu walikuwa wamefurahi mno. Krimu ya hapa itabaki ilivyo, na viwanda vitano vingine vitafundishwa kuitengeneza. Kopo mama litachukuliwa hapa kupelekwa dunia nzima. Chumba hakitafungwa. Katika kitabu cha historia ya kampuni kitaongezwa kifungu kinachosema kwamba uboreshaji huu ulitokana na utafiti wa muda mrefu.

"Na kifuniko?" Pua akauliza. "Haijabadilika tangu kopo la kwanza?"

"Maneno yanabaki. Wateja wameyazoea."

Habari ya pili aliisema akiangalia meza. Pua wa kiwanda aliyepitisha mapipa bila kunusa amevunja kanuni ya kwanza, na kanuni haina neno "isipokuwa". Picha haiwezi kubaki.

"Kwa hiyo kosa mnalichukua," Pua akasema, "mkosaji mnamtupa."

"Ndivyo ilivyoandikwa, dada. Nimewabishia. Nimebisha karibu saa nzima." Na naamini alibisha, kwa sababu masikio yake yalikuwa bado mekundu.

Mama ndiye aliyewatoa kwenye aibu ile. Alitoka hadi korido, akaomba kiti, akavua viatu, akapanda mwenyewe wakati watu wazima watatu wamesimama mikono mitupu. Akaiondoa picha, akaifuta vumbi kwa kiganja. "Afadhali," akasema. "Walinipiga nimefumba jicho moja."

Walitoka getini wakatembea hadi kwenye benchi la saruji kando ya ukuta wa kiwanda, mama akasema apumzike kidogo. Picha aliiegemeza miguuni pake, uso umeelekea ukutani. Malori ya kampuni yalikuwa yakitoka moja moja. Pua alikuwa amejaa hasira, akitafuta neno la kumfariji mama, kumbe mama alikuwa kwenye safari nyingine kabisa.

"Hebu niambie," mama akasema. "Hiyo krimu yetu inanukiaje?"

Pua akavuta pumzi, akaanza kwa lugha ya kazi. Waridi lipo nyuma sana. Chungwa, ganda lake, si maji yake. Kafuri hakuna. Chini kuna maziwa.

"Hayo kamwandikie yule kijana. Niambie mimi."

Pua akatoa kopo mfukoni, akachukua mkono wa mama yake, akaupaka krimu kidogo nyuma ya vidole. Akahesabu pumzi, si arobaini, kumi tu. Akainama akanusa. Na jibu ambalo maswali manne ya mkaguzi hayakulileta likaja lenyewe, bila kuitwa.

"Ile ya zamani ilikuwa inakufunika," akasema. "Nikinusa mkono wako nilikuwa nasikia waridi, wewe sikusikii. Kila siku nilikuwa nachagua mkono ambao bado nakusikia wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Ndicho nilichokuwa nakifuata. Siku hiyo mkono wa kulia ukiwa na waridi dogo zaidi, wewe ulikuwa unaonekana zaidi. Basi nasema kulia nzuri."

Mama aliutazama mkono wake. "Kwa hiyo kilichomo humo kwenye makopo..."

"Ni harufu yako, Mama."

Lori lingine likapita. Mama akangoja kelele zake ziishe, na alipoongea aliongea chini sana, kama mtu anayeogopa kusikiwa na picha. "Unajua kwamba tangu homa ile naoga mara tatu kwa siku? Mtu asiye na pua hajijui. Kwenye mikutano nilikuwa nakaa dirishani. Nikipanda gari nakaa mwisho. Mwaka uliofuata baba yako alipoondoka, hakusema sababu, nami sikumuuliza. Nilijua. Nilisema amevumilia ameshindwa, labda nanuka, na kwa adabu yake hataki kuniambia."

"Mama." Pua akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili. "Ungeniuliza mimi. Nilikuwepo."

"Unamuulizaje mtoto jambo kama hilo?"

Pua akalia, na mama akamwacha alie. Kisha akauchomoa mkono wake taratibu, akaunyanyua hadi puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu. Hakusikia kitu. Akavuta tena.